Siku za Mfungwa Zinahesabiwa na Nani?

Serikali ya Wabelgiji ilijua sana kuhesabu siku, mradi ziwe deni la mwananchi kwake. Mkulima wa bonde la Ruzizi, kuanzia Kavimvira kupanda kaskazini kuelekea Kiliba na Sange, aliambiwa kwa sheria ya 1933 kwamba siku 60 za kila mwaka si zake: ni za kazi za lazima, pamba ikiwemo. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, mwaka 1942, siku hizo zikapandishwa hadi 120. Asiyezitimiza alijua njia ya kwenda buloko. Aliyetaka kukaa nje ya eneo la chifu wake kwa zaidi ya siku 30 alihitaji karatasi ya ruhusa. Yote hayo yalihesabiwa, yakaandikwa, yakakaguliwa na makarani waliokuwa na daftari kwa kila jambo. Lakini serikali hiyohiyo, zamu ya kudaiwa siku ilipoifikia, yaani ilipomfunga mtu na ikapaswa kumwambia atatoka lini, hesabu yake ililegea. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kulegea huko kulikuwa namna ya kutawala, na kwamba kipande chake kimoja kimebaki ndani ya Kanuni ya Adhabu ya Kongo hadi karne hii, katika swali ambalo kwa haraka linaonekana dogo: mfungwa akiachiliwa kwa masharti kabla ya muda wake kwisha, kisha akarudishwa ndani, zile siku alizokaa nje zinahesabiwa katika kifungo chake au zinapotea?

Tuanze na adhabu ambayo haikuwa na hesabu kabisa. Dekreti ya tarehe 5 Julai 1910 iliipa serikali ya koloni uwezo wa kumwamuru Mwafrika yeyote, ambaye kwa maoni yake anahatarisha utulivu, aondoke kwao na kukaa mahali atakapopangiwa. Wabelgiji waliiita relegasioni. Hakukuwa na mashtaka, wala wakili, wala hukumu, na kwa kuwa hakukuwa na hukumu, hakukuwa na tarehe ya mwisho. Mwaka 1943 sheria hiyo iliandikwa upya, ikawatenga wale walioitwa hatari na kuwapeleka katika makambi ya kilimo: Ekafera kule Equateur, Kasaji kule Katanga. Wafuasi wa dini ya Kitawala walikuwa wengi humo, hasa baada ya uasi wa Bushiri wa 1944 katika misitu ya Lubutu na Masisi. Mtu aliyefungwa kwa wizi aliweza kuchora mistari ukutani na kujua imebaki mingapi. Aliyepelekwa Ekafera kwa ajili ya imani yake hakuwa na mstari wa mwisho wa kuufikia. Alikaa mpaka serikali itakapoona inatosha. Tabia hiyo haikuondoka na bendera ya Wabelgiji. Wabunge 13 walipomwandikia Mobutu barua ya wazi mwaka 1980, Étienne Tshisekedi akiwa mmoja wao, miongoni mwa adhabu zilizowafuata ni kupelekwa kukaa mbali vijijini, pasipo jaji wa kusema ni kwa siku ngapi.

Mtu anaweza kusema kwamba relegasioni ilikuwa siasa, na kwamba wafungwa wa kawaida, wenye hukumu mkononi, walitendewa kwa sheria. Basi tumtazame mfungwa mwenye hukumu anayejulikana kuliko wote katika historia ya Kongo. Tarehe 3 Oktoba 1921 mahakama ya kijeshi ya Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu, ilimhukumu mhubiri Simon Kimbangu kifo pamoja na viboko 120. Mfalme Albert akaibadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akapelekwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Kanuni ya Adhabu iliyotungwa kwa dekreti ya tarehe 30 Januari 1940 inasema kwamba aliyefungwa maisha anaweza kuachiliwa kwa masharti akishamaliza zaidi ya miaka 5 ndani. Siku kanuni hiyo ilipotiwa saini, Kimbangu alikuwa na zaidi ya miaka 18 gerezani, mara tatu na zaidi ya kiwango kilichotakiwa. Alifia kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951. Viboko vyake vilikuwa na idadi kamili. Miaka yake haikuwa nayo, kwa sababu neno linaloongoza kifungu kile ni kwamba mfungwa anaweza kuachiliwa, na anayeamua kama anaweza ni serikali, si jaji. Zamani alikuwa mtawala wa koloni. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Sheria.

Hapo ndipo tunafika kwenye kiini. Mpango wa kuachiliwa kwa masharti Wabelgiji waliupata kwa waziri wao Jules Lejeune, aliyepitisha sheria yake tarehe 31 Mei 1888, na ulikuwa mpango wa huruma kwa wakati ule. Kongo iliupokea karibu neno kwa neno. Ukifungua Kitabu cha Kwanza cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyochapishwa upya katika Gazeti Rasmi mwaka 2004, utaukuta kuanzia kifungu cha 35. Mfungwa anaweza kuachiliwa akishamaliza robo ya kifungo chake, mradi amekaa ndani zaidi ya miezi 3. Anaweza kurudishwa kwa mwenendo mbaya au kwa kuvunja masharti. Anakuwa huru moja kwa moja pale tu unapopita muda ulio mara mbili ya siku zilizokuwa zimebaki alipotoka. Na akirudishwa kabla ya hapo, anakwenda kumalizia siku zote zilizokuwa zimebaki siku ile alipovuka mlango. Muda wa nje unakuwa kama haukuwepo.

Tupige hesabu kwa mtu mmoja, kwa sababu maneno ya sheria yana tabia ya kuficha uzito wake. Chukua mfungwa wa gereza la Mulunge, hapahapa Uvira, aliyehukumiwa miaka 10. Robo yake ni miaka 2 na nusu. Anatoka, amebakiwa na miaka 7 na nusu, na kwa hiyo atakuwa chini ya masharti kwa miaka 15. Anakaa Kavimvira, analima, anaoa, anasomesha. Miaka 14 inapita bila doa. Katika mwaka wa 15 anavunja sharti moja na waziri anafuta karatasi yake. Atarudi Mulunge kwa miaka 7 na nusu kamili. Jumlisha: miaka 2 na nusu ya kwanza, 14 ya kutazamwa, 7 na nusu ya mwisho. Ni miaka 24 chini ya mkono wa dola kwa hukumu ya miaka 10. Kanuni hiyohiyo, katika vifungu vyake vya mwanzo, inasema kifungo chenye muda hakiwezi kuzidi miaka 20. Na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inakataza kumpa mtu adhabu kali kuliko ile iliyokuwepo alipotenda kosa. Najua mwanasheria atajibu kwamba miaka 14 ya katikati si adhabu, kwa hiyo haiingii katika jumla. Jibu hilo ndilo ninalolipinga, kwa sababu lote limesimama juu ya dhana kwamba aliye nje ni huru.

Watu wengi wenye akili timamu wanaamini dhana hiyo, na lazima ijibiwe kwa heshima. Wanasema: mtu analala kwake, anakula ugali na ndagala pamoja na watoto wake, anakwenda kanisani au msikitini, tukimhesabia siku hizo kama siku za gereza, tunamdhihaki yule aliyebaki ndani, tunamdhihaki pia aliyeibiwa au aliyeumizwa. Kwa upande wa mateso wana haki. Siku moja Mulunge na siku moja nyumbani haziwezi kulingana, na hakuna anayedai zinalingana. Lakini sheria haipimi kifungo kwa mateso, inakipima kwa mamlaka: nani anaamua mtu huyu awe wapi. Itazame Kavimvira yenyewe. Mtaa huu unaishi kwa mpaka. Kila asubuhi watu wanashika barabara ya kwenda kituo cha mpakani, wanapita upande wa Gatumba, wanafika Bujumbura, na jioni wanarudi na walichouza au walichonunua. Mama mwenye beseni la mboga, kijana mwenye baiskeli na madumu ya mafuta ya mawese, fundi anayetafuta vipuri: mpaka ndio shamba lao. Mwambie mtu wa Kavimvira kwamba yuko nje, ila asivuke mpaka, akae alipoandikiwa, ajitokeze anapoitwa, na jirani akimsema vibaya anaweza kukamatwa pasipo kosa jipya. Amebaki na nyumba yake, kweli. Riziki yake iko mikononi mwa aliyetia saini karatasi. Sheria yenyewe inakiri jambo hili pasipo kutaka: inasema kwamba wakati mtu yuko nje kwa masharti, muda wa adhabu kufutika kwa kupitwa na wakati hauendi. Aliyetoroka gerezani akajificha msituni, adhabu yake siku moja itazeeka na kufa. Ya aliyeachiliwa kihalali, akaishi mbele ya macho ya watu wote, haizeeki. Dola haliwezi kumshika mtu kama mfungwa wake linapotaka kumrudisha, kisha likamwita mtu huru linapofika wakati wa kumhesabia siku.

Mgongano huu haukuanzia Uvira, wala hautaishia hapa. Marekani wameupigania mahakamani kwa miaka 100, kwa njia ya habeas corpus, ombi linalomlazimisha mlinzi wa gereza aeleze mbele ya jaji kwa haki gani anamshikilia mtu. Mwaka 1923, katika kesi ya Anderson dhidi ya Corall, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitamka kwamba aliye nje kwa parole, yaani kwa masharti, bado yuko kifungoni kwa macho ya sheria. Na katika kesi hiyohiyo ikasema kwamba akivunja masharti, kifungo chake kinasimama, siku hazihesabiwi. Mwaka 1963, katika Jones dhidi ya Cunningham, mahakama hiyo ikaongeza kwamba masharti ya parole yanambana mtu kiasi cha kutosha awe na haki ya kuleta ombi la habeas corpus akiwa nyumbani kwake. Mwaka 1972, katika Morrissey dhidi ya Brewer, ikaamua kwamba hawezi kurudishwa ndani pasipo kusikilizwa. Ziweke hukumu hizo tatu pamoja uone: mtu huyu yuko kifungoni, amebanwa, anastahili kusikilizwa, na bado sheria ya shirikisho ya 1976 ilimnyang'anya siku zake za nje akitiwa hatiani kwa kosa jipya linaloweza kuleta kifungo. Wafungwa wanaouliza swali hili mbele ya majaji wa shirikisho mara nyingi hushindwa, kwa jibu kwamba bunge limeamua hivyo. Ni jibu la kisheria. Halina hoja ndani yake. Na mabunge yanaweza kuamua vingine: Texas, jimbo lisilojulikana kwa upole wa magereza, lilibadili sheria yake mwaka 2001, likakubali kuwahesabia siku za nje wafungwa waliokwisha kupita nusu ya muda uliobaki, isipokuwa wenye makosa mazito yaliyotajwa.

Pingamizi zito zaidi, kwa maoni yangu, ni la wale wanaosema kwamba hofu ya kupoteza siku ndiyo inayomweka mtu kwenye mstari. Ukimhakikishia siku zake, ataogopa nini? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama hofu hiyo ingepangwa kwa akili. Rudi kwa yule mtu wetu wa miaka 10. Akivunja sharti mwezi wa kwanza baada ya kutoka, anapoteza mwezi mmoja tu. Akivunja sharti lilelile baada ya miaka 14 ya utiifu, anapoteza miaka 14. Kadiri alivyotii, ndivyo adhabu ya kosa lake inavyokua. Asiyejali kabisa masharti, aliyerudi kwenye uhalifu wiki ya pili, ndiye sheria inayemhurumia. Aliyejitahidi nusu ya maisha yake ndiye inayemwangukia kwa uzito wote. Fimbo ya namna hiyo haimfundishi mtu kutii, maana mzigo unaolingana na kosa unajulikana tangu mwanzo na haupandi kwa sababu mkosaji aliwahi kuwa mwema. Kama lengo ni kumtia hofu, sheria ina njia nyingine: kosa jipya lina adhabu yake, na siku zilizobaki kweli bado zipo za kumaliziwa.

Jirani zetu wameonyesha kwamba hesabu ya siku inaweza kuwa suala la haki, si la fadhila. Katiba ya Uganda, kifungu cha 23, inaagiza muda wa mahabusu uzingatiwe mtu anapohukumiwa, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema kuzingatia si kutaja tu: jaji atoe siku hizo kwa hesabu kamili. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ya Kenya nayo ikawahesabia wafungwa wawili kifungo chao kuanzia siku walipokamatwa, kwa sababu mahakama ya chini ilidai imezingatia na haikutoa hata siku moja. Kongo, na hili tulijivunie, haikuhitaji kufundishwa jambo hilo. Kanuni yetu ya Adhabu inasema wazi kwamba siku zote za mahabusu kabla ya hukumu kuwa ya mwisho zinatolewa kwa ukamilifu katika kifungo. Kanuni hiyo inamhesabia siku mtu aliyekuwa bado hajaonekana ana hatia. Inashindwaje kumhesabia yule ambaye hukumu yake inaendelea, kwa siku alizozitumikia kama alivyoagizwa?

Kuna atakayesema, na huyu anazungumza kwa uchungu wa kweli, kwamba mjadala huu ni anasa. Katika magereza ya Kongo walio wengi hawajahukumiwa. Wanangoja faili litoke parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, na wakati mwingine faili limepotea. Anayepata kuachiliwa kwa masharti ni mtu wa bahati, na familia nyingi za Uvira zinaweka tumaini katika msamaha wa Rais kuliko katika kifungu cha 35. Sikatai hata neno moja. Ila nauliza kwa nini familia hizo zinasubiri msamaha. Zinasubiri kwa sababu zimezoea, tangu babu zao, kwamba siku ya kutoka ni zawadi inayoshuka kutoka juu. Anayekaa mahabusu miezi bila jaji na anayerudishwa ndani huku miaka yake 14 imefutwa wanaugua ugonjwa mmoja: hakuna aliyelazimika kuwatolea hesabu. Katiba inaweka saa 48 kama mwisho wa mtu kushikiliwa na polisi, na kifungu cha 61 kinasema haki ya kujitetea na ya kukata rufaa haziguswi hata nchi ikiwa katika hali ya hatari. Maneno hayo yataishi pale tu kila ofisi inayomshika mtu, kuanzia polisi hadi wizara, itakapoona kwamba siku ya mwananchi ni mali yake na kila inayochukuliwa lazima iandikwe.

Wabelgiji wenyewe wameshaiacha sheria waliyotuachia. Mwaka 1998 waliweka kando mpango wa Lejeune, na sheria yao ya tarehe 17 Mei 2006 ikaweka mikononi mwa mahakama maalumu ya utekelezaji wa adhabu uamuzi wa nani aachiliwe na nani arudishwe. Akirudishwa, majaji ndio wanaopanga atamalizia muda gani, na sheria inawataka watazame kipindi cha nje kilichokwenda vizuri na juhudi za mtu huyo kuyashika masharti yake. Kilichoonekana hakifai tena kwa mfungwa wa Liège kimebaki kifungu cha sheria kwa mfungwa wa Mulunge. Wakili anayetaka kukijaribu ana mlango: kifungu cha 162 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kuifikia Mahakama ya Katiba kudai kwamba sheria fulani inaivunja Katiba. Lakini njia fupi ni Bunge. Wabunge waliochaguliwa Uvira na Fizi, ambao wapiga kura wao wanajua gereza kwa jina na mpaka kwa miguu, wanaweza kuleta mezani sentensi moja ya kuongezwa katika Kitabu cha Kwanza: kwamba siku ambazo aliyeachiliwa ameyashika masharti yake zinatolewa katika kifungo chake, na kwamba hakuna atakayerudishwa ndani pasipo kusikilizwa na jaji. Tunawaomba wailete.